Ngoma Iliyoshika Nafasi ya Marwa

Mmeniuliza wote, kila mmoja kwa wakati wake, kwa nini ngoma yangu kubwa, ile ya kukanyaga kwa mguu, ina tope kavu ndani, na kwa nini sitaki mtu aisugue. Juzi shemeji yangu alikuja na sabuni na dodoki, nikamfukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Baada ya hapo nikaona afadhali niandike yote mara moja, maana nikisimulia kwa mdomo kila mtu ananikatiza mahali pake na hatufiki mwisho.

Mnanijua. Mnaniita Kiraka, na jina sikulikataa. Hapa Mwanza Ijumaa na Jumamosi napiga dansi hotelini. Jumapili asubuhi napiga na matarumbeta ya kanisa, ingawa mimi ni Idi mwana wa Waislamu na mchungaji analijua hilo. Harusi za mjini zikifika, kikundi cha taarabu huniita mpiga tumba wao akiugua, naye huugua kila anapogombana na mkewe. Bendi zote zinanipenda, lakini hakuna hata moja inayonisubiri. Nikichelewa wanamweka mwingine, na wasikilizaji wanaendelea kutafuna nyama zao.

Bendi moja tu ilikuwa yangu. Ilikuwa Tarime, tuliiita Kwetu Pazuri Jazz, kwa sababu siku hizo bendi isiyo na neno Jazz ilionekana ni kwaya iliyopotea njia. Nyangi aliimba, Marwa alipiga gitaa, mimi dramu. Amplifaya tuliinunua kwa kuchanga, tukiibeba kwa zamu. Halafu ikaja homa ya dhahabu. Marwa akaweka gitaa chini akashika sururu huko Matongo. Nyangi akasomea uuguzi, serikali ikampeleka zahanati ya Ringwani. Nami nikaja kuwa kiraka chenu.

Sasa, ujumbe wenyewe uliletwa na kondakta wa basi, kwa mdomo, stendi, mbele ya watu. Alifumba macho kama mtoto anayekariri shairi: "Dada Nyangi anasema, naolewa Ringwani Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siolewi kwa kanda. Mlete Marwa. Mkija wote wawili, bendi inaanza upya, amplifaya ninayo na bwana ameridhia. Ukija peke yako sitaimba tena, na amplifaya nawapa kwaya." Akafumbua macho akaongeza lake: "Kaka, mimi ningekwenda."

Mwanza hadi Tarime

Basi lilikwenda vizuri mpaka tulipovuka daraja la Kirumi, kisha likakohoa likasimama. Dereva akaingia chini yake, tukaona miguu tu. Abiria walitandaza khanga kando ya barabara, mahindi ya kuchemsha yakatokea sijui wapi, na mama mmoja aliyekuwa na kuku wawili akaikalia ngoma yangu kubwa kabla sijapata nafasi ya kukataa.

"Hili pipa lako zuri," akaniambia. "Linavuja?"

"Si pipa, mama. Ni ngoma."

Aliigonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. "Ngoma gani imefungwa pande zote mbili? Mtu anayetaka maji atalikata upande mmoja tu."

Nilicheka. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, maana mimi nililichukulia mzaha.

Miguu ya dereva ilikaa chini ya basi muda mrefu hata mama yule akanigawia mahindi yake, nami nikampigia dramu ndogo ili kuku wake watulie. Hawakutulia. Tuliingia Tarime jua likiwa linashuka na baridi ya kule ikiwa imeshaanza, baridi ambayo watu wa Mwanza mnaisikia tu kwenye hadithi.

Tarime, nikitafuta njia ya kwenda Matongo

Nilifikia kwa mjomba wangu Hamisi, fundi cherehani, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani akaoa hapa akasahau kurudi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye kanzu aliyokuwa akiishona, kisha akasema, "Umekuja kumtoa Marwa shimoni. Hatoki. Waliokwenda huko hawarudi mpaka wapate, na wakipata hawarudi kwa sababu wamepata."

Maneno hayo yalinikaa tumboni pamoja na ndizi za mkewe, ambazo vinginevyo zilikuwa tamu sana.

Kwenda Matongo nako kulikuwa na mambo. Malori yalijaa watu wenye sururu na karai, na kila dereva aliyeiona ngoma yangu alitikisa kichwa. Nilikaa sokoni tangu asubuhi nikiwa nimezungukwa na dramu zangu kama muuza sufuria. Ndipo akaja mtu mrefu mwenye kofia ya ngozi, akaniuliza kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka wa Sirari, "Sasa wewe, hizi dramu ni zako ama unauza?"

Aliitwa Otieno. Alikuwa na kikundi cha benga na pikapu, wanakwenda Matongo kupigia wachimbaji. Shida yake ni kwamba mpiga dramu wake alikuwa ametangulia Matongo wiki iliyopita kuangalia mahali pa kupigia, akaona watu wanachimba, naye akashuka shimoni hajapanda tena.

"Hiyo dhahabu inakula wapiga dramu," Otieno alisema kwa uchungu. "Wewe haitakukula?"

"Mimi nakwenda kumtoa mmoja iliyemmeza."

"Basi piga kwanza nikusikie."

Nilipiga pale pale sokoni, wapiga gitaa wake wakiwa wamekaa juu ya magunia ya viazi. Nilidhani nitawashangaza. Niliweka kila nilichojifunza hotelini, na kila mwisho wa mstari nikaupambia. Otieno aliinua mkono tukasimama.

"Haki ya Mungu mikono uko nayo," akasema. "Lakini unaweka maua mengi. Benga haitaki maua, inataka kutembea. Wewe tembea tu."

Nilitembea. Wanawake wa sokoni wakaanza kutikisa mabega huku wakipima dagaa, na mmoja akapunja mteja kwa kusahau mkono ulipo, ugomvi ukazuka, tukahamisha vyombo haraka. Nilikuwa nimepata usafiri. Sikuwa nimekielewa bado kile alichoniambia Otieno. Nilidhani ni mambo ya benga peke yake.

Matongo, kwenye duara

Matongo husikika kabla haijaonekana. Watu wamekaa vikundi vikundi wakitwanga mawe kwenye vinu vya chuma, na kila kikundi kina mwendo wake. Sisi tulipofika na pikapu, mmoja wa kina Otieno aliuliza kama kuna harusi. Kuna ng'ombe wanapita katikati ya vifusi, kuna mashamba ya mahindi yanayoanzia pale pale mashimo yanapoishia, na watu wote, wake kwa waume, wana rangi moja ya vumbi.

Nilimpigia Otieno dramu mchana ule kama tulivyopatana, kisha nikauliza duara la Mwita liko wapi, kwa maana duara ndilo shimo, na Mwita ndiye mkubwa wa kundi la Marwa. Walinionyesha. Nikakaa mdomoni mwa shimo na ngoma yangu, nikasubiri, mpaka kamba ikavutwa kikatoka kichwa cheupe kama cha mtu aliyeanguka kwenye unga.

"Idi!" kichwa kikasema.

Nililia, sioni aibu kuwaambia. Alikuwa Marwa yule yule, ila vidole vyake vya gitaa vilikuwa vimenenepa na kupasuka. Tulishikana mpaka nami nikawa mweupe.

Tulipewa ugali wa muhogo na mtama na mpishi wa kundi, Mama Ghati, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Nilitoa ujumbe wa Nyangi neno kwa neno, nikafumba macho kama kondakta. Nilipofumbua, Marwa alikuwa anatazama ugali.

"Siwezi," akasema. "Mwamba wenye dhahabu uko karibu. Tunausikia kwa sururu, sauti imebadilika. Wakiutoa mimi sipo, nimepoteza yote niliyochimba tangu mvua zilizopita."

"Si watakuwekea? Ni wenzako."

Hapo Mwita akaingilia. Alikuwa mtu mfupi, mpole, na alinieleza kama mtu anayemweleza mgeni mahali choo kilipo. "Mura, kijana wangu, hapa mtu hahesabiwi kwa jina. Kina Marwa wako tele. Mtu anahesabiwa kwa kuwepo. Anayetaka kuondoka anaacha mdomoni mwa duara kitu kinachomlisha. Si nguo, wala saa. Kitu ambacho bila hicho atalala njaa. Hicho kikiwepo, yeye yupo, na mawe yakitoka tunamgawia. Chacha fundi baiskeli alipokwenda kumzika baba yake aliacha pampu na spana zake zote. Tulimgawia."

"Basi Marwa aache gitaa," nikasema.

"Na harusini atapiga nini?" Mama Ghati aliuliza. "Kidevu?"

Watu walicheka, ila Marwa hakucheka. Akataja sururu, Mwita akasema sururu ni ya duara, si yake. Akataja blanketi; likakataliwa bila maneno. Nilikuwa nimetoka Mwanza, nimelishwa mahindi ya njiani, na bendi yangu ilikuwa inafia pale kwenye sahani ya ugali. Kisha nikaona macho ya watu yamehama kutoka kwa Marwa, yamekuja nyuma yangu, kwenye ngoma kubwa.

"Na hiyo inalisha mtu?" Mwita aliuliza.

"Inanilisha mimi."

"Basi si ya Marwa," mmoja akasema.

Marwa akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Ni yangu pia. Bila mguu wake kwenye ngoma hiyo, gitaa langu ni mbu. Muulizeni mtu yeyote wa Tarime."

Walikwenda kando wakajadiliana kwa Kikurya, na mimi Kikurya changu cha utotoni kilitosha kusikia kwamba wanabishana kwa dhati kama vile ni kesi ya ng'ombe. Mwita alirudi. Ngoma inakubaliwa. Lakini tusiporudi kabla ya siku ya soko ijayo, ngoma ni ya duara, na nafasi ya Marwa imekufa.

Nitasema kweli. Nilimwonea Marwa wivu. Maisha yangu yote nimeshika nafasi za watu: za walevi, za wagonjwa, za wanaogombana na wake zao. Sasa ngoma yangu nayo ishike nafasi ya mtu shimoni, na mimi nikiipoteza, hotelini Mwanza hawataniita tena hata kubeba viti. Lakini Marwa alikuwa ameshaanza kulifungua gitaa kutoka kwenye gunia, akilipuliza vumbi taratibu na kulifuta kwa vidole vile vilivyopasuka. Nikaivua ngoma kamba zake, nikaiweka mdomoni mwa duara na pedeli yake kando.

Tulipokuwa tunaondoka asubuhi nilimwona Mama Ghati ameiinamia, anaigonga kwa kifundo cha kidole.

"Usiijaze maji, mama," nikamwambia.

"Nani ajaze ngoma maji?" akasema. "Mimi ni mtoto?"

Kuvuka Mto Mara

Kutoka Matongo tulishuka kwa miguu mpaka mtoni, Marwa na gitaa mgongoni, mimi na dramu ndogo, vijiti na matuazi, vile visahani vyangu vya shaba. Mwenye mtumbwi alikuwa ng'ambo, na alikuwa anakula. Tulimwita. Akatupungia mkono wenye tonge. Tukamwita tena. Akapunga tena. Marwa akasema viboko wenyewe hawana haraka kiasi hicho.

Tulipovuka hatimaye, jua lilikuwa limepanda na ilikuwa ndiyo siku yenyewe, Jumamosi. Marwa alitaka kupumzika kivulini kidogo, kwa sababu mapafu yake yamezoea shimo, hayajazoea kilima. Nikasema basi tujaribu wimbo wetu wa kwanza, vidole vyake vikumbuke. Nikaiweka dramu ndogo juu ya jiwe nikaanza kuiviringisha polepole, kisha kwa kasi, kama inavyotakiwa kabla gitaa halijaingia.

Gitaa halikuingia. Kilimani mtu alipiga yowe.

Mnalijua yowe la kule? Ni sauti moja, halafu nyingine inaipokea, halafu ya tatu mbali zaidi, na maana yake ni kwamba ng'ombe wameibwa na kila mwanamume atoke. Mtu aliyekuwa akichunga juu yetu alisikia mlio asioujua ukitoka mtoni, upande ambao wezi hupitia, na kule mtu hupiga yowe kwanza, kuuliza baadaye. Kabla sijaweka vijiti mfukoni tulikuwa tumezungukwa na watu wenye mikuki, pinde na marungu, wanahema, na kila mmoja anatafuta ng'ombe kwa macho.

"Ng'ombe wako wapi?" aliuliza kiongozi wao.

"Hakuna ng'ombe, kaka. Tunakwenda harusini."

"Harusi ya nani?"

"Ya Nyangi, nesi wa Ringwani."

"Nesi yule? Huyo aliyemchoma mwanangu sindano?" Akageuka kwa wenzake. "Wanasema ni watu wa nesi." Kisha kwangu: "Na hiyo ni nini iliyolia?"

Walinitaka niipige tena, waisikie. Nilipiga. Mzee mmoja mwenye upinde akasema kwamba hata yeye angeita watu. Walikaa chini, wakapangusa jasho, wakataka wapigiwe wimbo mzima kwa sababu wamekimbia bure. Tulipiga. Waliwaza, wakajadiliana kama wimbo unalipia mbio zile, wakaamua unalipia nusu tu, hivyo nusu nyingine watakuja kuisikiliza harusini. Tukaongozana nao wote, mikuki na pinde, na mwendo wao wa kuzungumza ulikuwa wa kusimama kila mara. Ndivyo tulivyochelewa.

Ringwani

Nyangi alikuwa amesimama nje ya uzio kwa gauni jeupe, mikono kiunoni, kama anavyosimama mtu anayengoja mtoto aliyetumwa chumvi. Nyuma yake kanda ilikuwa inapiga. Alipoona mikuki alishtuka, kisha akatuona katikati.

"Wawili?" akauliza.

"Wawili."

Alimkumbatia Marwa muda mrefu, gauni likapata vumbi, hakujali. Kisha akahesabu mizigo yangu. "Ngoma kubwa?"

"Imebaki Matongo. Imemshikia Marwa nafasi."

Uso wake ulibadilika. "Idi. Mimi nilisema nataka bendi. Watu wa bwana wamesafiri kutoka Iringa. Nimewaambia kwa siku tatu kwamba watasikia bendi. Utakanyaga nini?"

Nililishwa, kwanza, kwa sababu mgeni hawezi kuaibika kwa njaa. Kulikuwa na mchuzi wa kichuri, ule mchungu wa matumbo ambao sisi wa Tarime tumekua nao, na baba mdogo wa bwana harusi, mwalimu mstaafu kutoka Iringa, alikuwa ameshika bakuli lake kwa mikono miwili akiuliza kwa adabu kubwa kama ni dawa.

"Ni mchuzi, baba," Marwa akamwambia. "Ila na dawa pia."

Alikunywa. Akafuta mdomo. Akaomba tena.

Tulipanga vyombo. Amplifaya yetu ilitolewa ndani ikiwa imefunikwa kitambaa cha kushona maua, ikaunganishwa na betri ya gari, na kanda ikazimwa. Niliwahesabia kwa vijiti, tukaanza wimbo wetu wa kwanza. Ulikuwa mwembamba. Dramu ndogo ililia juu, gitaa likalia juu, sauti ya Nyangi ikawa inaning'inia bila mahali pa kukanyaga. Niliogopa, na mimi nikiogopa naongeza maua. Nikapamba huku, nikapamba kule. Watu waliendelea kula. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti kama ile kanda imeharibika. Nyangi alimaliza wimbo akanitazama, na nikaona macho yake yamejaa maji, naye si mtu wa kulia.

Pembeni walikuwepo wachezaji wa hapo hapo, wamesubiri zamu yao: mzee Wambura mwenye iritungu, chombo chao cha nyuzi, na vijana wake wamevaa viatu vya mbao vinene, vizito, ambavyo mtu asiyezoea hawezi hata kuvinyanyua. Mzee Wambura alinikaribia akiwa anatabasamu.

"Mura, mguu wako uko wapi?"

"Nimeuacha Matongo, mzee. Kwenye duara."

Alicheka mpaka akashika iritungu lake lisianguke. Akawaambia vijana wake kwa lugha yao, nao wakacheka. "Sasa tukuazime," akasema. "Sisi tunayo mingi."

Nikainua vijiti niwahesabie: moja, mbili, tatu, nne. Hakuna aliyenyanyua kiatu. Nikarudia. Walinitazama kama mtu anayewahesabu mbuzi wa wengine. Mzee Wambura alikuwa ameshaanza nyuzi zake, polepole, na vijana walikuwa wamemsikiliza yeye, kisha, pasipo mtu kuwahesabia, miguu yote ikashuka kwa pamoja. Ardhi ilitetemeka. Bakuli la baba mdogo lilimwagika. Lakini miguu hiyo ilishuka baadaye kidogo kuliko nilivyotegemea, kama mtu anayekaa vizuri kitini kwanza ndipo aseme.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Otieno. Niliacha maua. Nikashikilia tuazi moja tu, jepesi, nikaacha pale mguu unapotaka kushuka pawe wazi kabisa. Marwa alisikia akalitafuta gitaa lake katikati ya nyuzi za mzee, akalipata, akatabasamu na meno yake yenye vumbi. Tulizunguka hivyo mara kadhaa, na kila ardhi ilipotetemeka nilihisi imepita mgongoni mwangu.

Nyangi alifuta macho kwa shela lake la harusi. Akaingia wakati hasa miguu iliposhuka.

Siwezi kuwaandikia alivyoimba. Wale wenye mikuki waliiegemeza ukutani wakacheza. Bwana harusi, mtu mkimya aliyezungumza nami maneno machache tu siku ile nzima, alivua koti akalikunja akaliweka kwenye kiti kwa heshima, kisha akacheza vibaya sana kwa furaha. Mtu wa kwaya alikuwepo, amekuja kuiona amplifaya ambayo angepewa kama tusingefika, aliifunika vizuri na kile kitambaa cha maua alipoona vumbi linaifikia, akanong'ona, "Basi, hii ni yenu."

"Hii ndiyo bendi," Nyangi alisema tulipopumzika. Hakusema zaidi ya hapo, akaenda kukata keki.

Kurudi Matongo

Tulirudi kwa njia ile ile, siku ya soko ikiwa bado, safari hii bila kupiga chochote mtoni. Marwa alikuwa anatembea haraka kuliko nilivyotaka. Tulipokaribia, tulikutana na mtu aliyetuambia bila kuulizwa kwamba duara la Mwita limetoa mwamba, mawe yameshagawanywa. Marwa alianza kukimbia na gitaa likimpiga mgongoni, nami nikamfuata na matuazi yakipiga kelele.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni ngoma yangu. Ngozi ya upande mmoja ilikuwa imekatwa kwa ustadi kuzunguka ukingo. Ilikuwa imesimama wima kando ya vinu, imejaa maji ya tope jekundu mpaka shingoni, na Mama Ghati alikuwa anachota kwa kopo.

"Mama!"

"Pipa lilitoboka," alisema, wala hakuona haya. "Siku ile ile mawe yalipotoka. Ningeoshea mchanga kwenye nini, kwenye sufuria ya ugali? Na haivuji, nilikuwa nimeshaipima."

Nilikaa chini. Nilikuwa nataka kumtukana, na nilikuwa nataka kulia, na nilikuwa nimechoka kwa vyote viwili. Mwita akaja akanigusa bega akasema niende nione.

Mawe yalikuwa yamepangwa kwenye magunia, rundo moja moja, na juu ya kila rundo kuna alama ya mwenyewe: kofia, kiatu, kopo la sigara. Rundo la Marwa lilikuwepo, na juu yake walikuwa wameweka ile ngozi ya ngoma iliyokatwa. Marwa alilipigia magoti. Kando yake kulikuwa na rundo jingine, dogo zaidi, na juu yake ilikuwa pedeli yangu.

"Hili la nani?" nikauliza.

"La mwenye ngoma," Mwita alisema. "Ngoma ilishika nafasi ya Marwa, hilo tulipatana. Lakini ilifanya na kazi yake yenyewe. Imebeba maji yote ya kuoshea. Kilichofanya kazi hapa kina nafasi yake."

"Mimi sikuwepo."

"Ulikuwepo, mura. Tulikuwa tunakuona kila tukichota."

Nimefanya kazi na bendi ambazo sizihesabu tena, na hakuna hata moja iliyowahi kuniwekea chochote nikiwa sipo. Nikaanza kusema asante kwa kila lugha niliyonayo. Mama Ghati akanipa ugali, ndiyo njia yake ya kumnyamazisha mtu.

Mawe yangu yalipotwangwa yalitoa kidogo tu: ngozi mpya ya ngoma, na nauli. Msinijie kukopa. Ya Marwa yalitoa vizuri zaidi, akamrudishia Mwita sururu ya duara kwa mikono miwili, na sasa yuko Tarime kwa mjomba Hamisi anabadilisha nyuzi za gitaa huku mjomba akisema hakuna aliyewahi kutoka kule, hata huyu anamwona kwa macho yake lakini bado hajaamini. Nyangi atakuwa anakuja Tarime mjini kila mwisho wa mwezi. Mzee Wambura ametoa vijana wawili, na viatu vyao.

Ngozi nimeifunga. Tope la ndani nimeliacha, na ndiyo maana sauti yake imekuwa nzito kidogo, mmeisikia wenyewe. Hotelini wameniambia Jumamosi ya mwisho wa mwezi nisipokuja watamweka mwingine. Nimewaambia wamweke. Mkinitafuta siku hiyo mkanikosa, msiulizane Kiraka amekwenda kushika nafasi ya nani. Nimekwenda kukaa kwenye yangu.